Madishi matatu uani: maswali ninayoulizwa kuhusu kujaribu programu za satelaiti hapa Moshi

Nyumbani kwetu Rau kuna madishi matatu, na kila moja linatazama kwake. Wapita njia wanadhani nauza ving'amuzi. Siuzi. Najaribu programu huria za kupokea matangazo ya satelaiti, halafu nawaandikia watengenezaji wake nikiwaeleza kilichoharibika. Wengi wao wanaishi Ulaya, ambako satelaiti zote ziko upande wa kusini, chini chini. Huku kwetu ziko utosini, na programu iliyotulia kule inaweza kuchanganyikiwa vibaya ikifika hapa. Maswali yaliyo hapa chini nimeulizwa na mafundi wa madishi, wanafunzi, majirani na shemeji zangu, wengine zaidi ya mara kumi.

Madishi matatu ya nini, na TV ni moja?

La kwanza ni la sentimita 90, limefungwa moja kwa moja kwenye nyuzi 7 mashariki, aliko Azam TV (satelaiti tunaziita kwa nyuzi za longitudo zinakokaa), na lina LNB ya pili, yaani kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi. La pili lina mota, kwa hiyo linazunguka: leo nyuzi 36 waliko DStv, kesho nyuzi 26. La tatu ni lile kubwa la wavu, mita 1.8, la masafa ya C, limekazwa kwenye Intelsat 20 iliyo nyuzi 68.5 mashariki. Yote yanaingia kwenye swichi moja ya milango minne, na kutoka kwenye swichi kebo moja tu inaingia ndani. Hiyo kebo moja ndiyo yenye mambo yote. Programu ikiwa na dishi moja na LNB moja haina pa kukosea. Ipe milango minne na mota, utaijua tabia yake.

Unatumia programu zipi?

Tvheadend, ya kupokea na kurekodi TV, kila siku, kwa sababu inakaa kwenye kompyuta ndogo isiyo na skrini na naifungulia kwa simu kupitia mlango wa mtandao 9981. VDR, ya kazi hiyo hiyo, mara moja moja. TSDuck kwa kuchungulia ndani ya mkondo wenyewe, yaani data ya matangazo kama inavyofika. Na zile amri kavu za Linux, dvbv5-scan na dvbv5-zap, ambazo hazina sura ya kuvutia ila hazidanganyi. Kwa mambo ya redio natumia SDR++ na GNU Radio. Kwenye Windows siendi sana. Wako wanaozijua za huko kuliko mimi.

Mlima Kilimanjaro hauzibi mawimbi?

Hapana. Swali hili huulizwa na wageni na wenyeji sawasawa. Kibo iko kaskazini yetu, kama kilomita 30, na kwa urefu wake wote wa mita 5,895, ukiitazama kutoka mjini inainuka nyuzi 9 au 10 tu juu ya upeo wa macho. Satelaiti ya nyuzi 7 mashariki iko kwenye mwinuko wa nyuzi 54 upande wa magharibi. Ile ya 68.5 iko kama nyuzi 53 upande wa mashariki. Ya nyuzi 36 iko kwenye mwinuko wa karibu 86, maana yake ukilala chali uani unaitazama. Arusha ni hivyo hivyo kwa Mlima Meru. Kinachoziba mawimbi Moshi ni mgrevilea wa jirani na migomba uliyoipanda mwenyewe.

Mbona dishi lako limelala kama sinia?

Kwa sababu hiyo hiyo ya mwinuko. Dishi la nyuzi 36 hapa linakaribia kulala, na likilala sana linakusanya maji ya mvua, majani na uchafu wa ndege. Toboa katundu kadogo sehemu ya chini kabisa, upapake rangi ili pasishike kutu. Fundi aliyezoea kuangalia upande wa dira atahangaika: satelaiti ikiwa utosini, ukizungusha nguzo kidogo hakibadiliki kitu. Chezea mwinuko kwanza, halafu mzunguko wa LNB.

Nimefuata picha za mtandaoni, LNB mbili ubavu kwa ubavu, ya pili haishiki. Kwa nini?

Picha hizo zimepigwa Ulaya. Kule msururu wa satelaiti unapita angani kama upinde mpana ulio mbele yako, kwa hiyo LNB zinapangwa kushoto na kulia. Hapa Moshi, nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta, msururu unatoka mashariki, unapita karibu na utosi, unashuka magharibi. Ukitazama magharibi kuelekea nyuzi 7, msururu huo uko wima mbele yako kama ngazi. Kwa hiyo LNB zinapangwa moja juu ya nyingine. Tena zinapinduka: satelaiti iliyo mashariki zaidi iko juu zaidi angani, lakini LNB yake inakaa chini, kwa sababu dishi linaakisi kama kioo. Nilipoteza Jumamosi nzima kabla ya kulielewa hilo. Fundi mmoja wa Majengo alinicheka, akasogeza LNB kwa kidole gumba, ikashika.

Kuna mtego wa pili ndani ya huo huo, na huu ndio unaowapoteza wanaojaribu programu. Mzunguko wa LNB kwa nyuzi 7 hapa ni kama nyuzi 83. Hizo zinakaribia robo duara kamili. Satelaiti hurusha mawimbi yanayotikisika wima na mengine mlalo. Ukiiacha LNB imesimama wima kama ilivyotoka dukani, mawimbi ya mlalo yatakuja kama ya wima, na ya wima kama ya mlalo. Programu itatafuta transponda (vipande vya masafa ambavyo satelaiti hurushia chaneli) za wima, itakuta za mlalo, na orodha yake itakwambia hakuna kitu. Au mbaya zaidi, itapata nusu ya chaneli. Utaandika ripoti ndefu kwamba programu imeharibika, kumbe LNB tu ndiyo haijazungushwa. Mimi niliandika. Nikaifuta kimya kimya.

Swichi na mota vinafanyaje kazi, na programu hukosea wapi?

Kompyuta inazungumza na vifaa vya juu kwa njia tatu, zote zikipita kwenye kebo ile ile ya matangazo. Volti 13 ni mawimbi ya wima, volti 18 ni ya mlalo. Mlio wa kilohezi 22 unaichagulia LNB ya kawaida nusu ya juu ya masafa, kuanzia 11,700 MHz kwenda juu. Halafu kuna DiSEqC, ambayo ni mlio huo huo wa kilohezi 22 ukikatwakatwa kuwa ujumbe: fungua mlango wa tatu, sogeza mota mahali fulani.

Sasa tazama kwangu. Mota yangu iko nyuma ya mlango D wa swichi. Swichi ikiwa kwenye mlango A, mota haina umeme kabisa, haisikii. Programu inatakiwa kwanza ifungue mlango D, isubiri kidogo mota iamke, ndipo iiambie isogee. Nimekuta programu iliyotuma amri ya mota kwanza na ya swichi baadaye. Kwenye nyumba yenye dishi moja la mota kosa hilo halionekani hata kwa miaka kumi. Kwangu lilionekana siku ya kwanza: kila nikitoka nyuzi 7 kwenda 36, jaribio la kwanza linashindwa, la pili linafaulu, kwa sababu la pili linakuta mlango D umeshafunguliwa.

Kosa lingine ni haraka. Mota inatembea polepole, na ikipewa volti 13 inatembea polepole zaidi kuliko ikipewa 18. Programu inayosubiri sekunde tano na kusema hakuna mawimbi haijawahi kuona mota ikivuka anga kutoka magharibi kwenda mashariki. Nenda kawashe jiko, ipo njiani.

Lakini lililonifurahisha kuliko yote ni la ikweta. Ukitumia njia ya USALS, unaipa programu latitudo na longitudo ya nyumbani, nayo inakokotoa mota igeuke kiasi gani. Mota ya kusini mwa ikweta inafungwa ikitazama kaskazini, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwa ile ya Ulaya. Toleo moja nililojaribu lilisahau alama ya kutoa mbele ya 3.35. Niliomba nyuzi 7, dishi likageuka likaenda upande wa pili kabisa, likasimama karibu na nyuzi 68, yaani umbali ule ule kutoka juu ya kichwa changu, ila mashariki. Hesabu ilikuwa sahihi, upande ndio haukuwa. Ukiwa Nairobi, Arusha, Moshi au Dodoma, jaribu hili kabla ya jambo lingine lolote.

Na ukinunua mota, angalia mkono wake. Nyingi zimetengenezwa kwa latitudo za Ulaya, skrubu haishuki mpaka nyuzi 3. Ya kwangu ilibidi fundi wa kuchomelea apinde bomba la nguzo.

Nitajuaje kosa ni la programu na si la paa?

Hapa ndipo kazi ilipo, mengine ni mapambo.

Weka shahidi. Mimi nina risiva ya zamani ya chaneli za bure, haina akili yoyote, lakini inashika. Programu ikisema hakuna mawimbi, nachomoa kebo kwenye kompyuta naichomeka kwenye risiva, kebo ile ile, mlango ule ule wa swichi. Risiva nayo ikikosa, napanda juu. Ikishika, nabaki chini na kahawa yangu. Bila shahidi huyo utakuwa unapanda ngazi kwa makosa ya mtu aliyekaa Ujerumani, au unamlaumu mtu wa Ujerumani kwa konekta yako iliyoingia maji.

Risiva ikishashika, bado usikimbilie kuilaumu Tvheadend. Katikati kuna draiva ya tyuna, kile kifaa cha kompyuta kinachopokea mawimbi ya kebo. Izime Tvheadend, tumia dvbv5-zap kwa transponda ile ile. Nayo ikishindwa, tatizo liko kwenye draiva au kwenye namba ulizoandika: masafa, kasi ya alama, wima au mlalo. Ikifaulu, hapo sasa unayo kesi.

Usiamini asilimia. Tyuna moja inaandika ubora 60, nyingine 95, na zote mbili zinatazama dishi moja kwa wakati mmoja. Asilimia ni maoni ya aliyeandika draiva. Tafuta desibeli. Transponda ya DVB-S2 ya 8PSK 3/4 (hizo ni namna za kufunga data kwenye mawimbi) inahitaji karibu desibeli 8 ndipo isomeke. Ukiwa na 8.5 kwenye jua kali, usiripoti picha inayokatika wakati wa mawingu.

Halafu angalia mkondo wenyewe. Matangazo yanakuja katika pakiti za baiti 188, kila moja ikianza na 47 ya heksadesimali, na kila mfululizo una kihesabu kinachoanzia 0 hadi 15 na kurudi. TSDuck itakuonyesha kihesabu kikiruka. Kikiruka kwenye mifululizo yote kwa pamoja, ni mawimbi au waya wa USB. Kikiruka kwenye mmoja tu, na jirani zake wametulia, mara nyingi tatizo halikuanzia kwako.

Jambo la mwisho, badilisha kitu kimoja kwa wakati. Najua linasemwa kila mahali. Lakini fundi akiwa juu ya paa na wewe umeshasasisha toleo jipya chini, hamtajua nani kafanya nini.

Nikiripoti kasoro, nitume nini?

Rekodi mkondo mzima wa transponda, usirekodi chaneli moja. Mtengenezaji akiwa nao anaweza kuuchezesha kwake kama vile ana dishi lako. Ila angalia bando. Transponda yenye kasi ya alama 27,500 kwa QPSK 3/4 inatoa kama megabiti 38 kwa sekunde. Dakika moja ni karibu megabaiti 285, saa moja inavuka gigabaiti 17. Kijana mmoja alinitumia nusu saa nzima kwa laini ya simu ili aonyeshe jina la chaneli lililokosewa. Kwa kasoro ya majina na orodha, sekunde kumi hadi ishirini zinatosha, maana meza za majina hurudiwa kila baada ya muda mfupi. Ratiba ya vipindi ndiyo inahitaji rekodi ndefu zaidi.

Ambatanisha na logi, toleo la programu, aina ya tyuna, na mpangilio wa milango ya swichi. Chora hata kwa kalamu ukapige picha.

Masika je?

Masika ni maabara ya bure. Masafa ya Ku, ya madishi madogo, yanaumizwa na mvua, ya C hayaumizwi sana, kwa hiyo mvua kubwa ikishuka kutoka mlimani jioni ya Aprili naona dishi la nyuzi 7 likizama na lile la wavu likiendelea kama halijui. Ninachokitazama ni programu inavyorudi: je, inashika yenyewe mawimbi yakirejea, au mpaka uizime na kuiwasha? Kiangazi natumia mbinu niliyofundishwa na fundi, gunia bichi juu ya LNB. Maji yanapunguza mawimbi, na unaweza kulisogeza taratibu mpaka picha ianze kuvunjika. Majirani waliniuliza kama LNB ina homa.

Mwezi wa tatu mawimbi yalikatika mchana bila wingu. Je, ni programu?

Ni jua. Mara mbili kwa mwaka linapita nyuma kabisa ya satelaiti likitazamwa kutoka kwako, na kelele zake za redio zinaifunika. Kwa Moshi na Arusha ni siku chache karibu na Machi 22 na tena karibu na Septemba 21, dakika chache kila siku. Saa inategemea satelaiti. Machi, ya nyuzi 68.5 inakatika kama saa nne na robo asubuhi, ya 36 kama saa saba kasorobo, ya nyuzi 7 kama saa tisa alasiri. Septemba yote yanatangulia kama robo saa. Andika kalendani. Mimi nilishusha draiva toleo kwa toleo siku mbili mfululizo, na kila jioni "nilifanikiwa".

Sina tyuna ya satelaiti, nina kile kijiti cha RTL-SDR. Kinafaa?

Kwa TV hapana. Kinameza upana wa megahezi 2.4 hivi, na transponda ya kawaida ni pana mara kumi na zaidi. Lakini kwa QO-100 kinafaa sana, na ningekuwa mwanafunzi ningeanzia hapo. Hiyo ni transponda ya maredio ya ridhaa iliyomo ndani ya Es'hail-2 ya Qatar, iliyorushwa Novemba 2018, nyuzi 25.9 mashariki. Ndiyo ya kwanza ya aina yake kwenye njia ya satelaiti zisizohama. Kutoka Moshi iko kwenye mwinuko wa nyuzi 76. Sehemu nyembamba inashuka kati ya 10,489.5 na 10,490 MHz, wima. LNB ya kawaida yenye 9,750 inakuletea hayo kwenye 739.5 MHz, ambapo kijiti kinasikia vizuri. Utasikia watu wa Brazili wakiongea na watu wa India. LNB ya zamani itahama masafa jua likipanda; nunua ya PLL, inayoshikilia masafa yake, kisha pima uhamaji kwa ile ishara ya kudumu ya katikati, inayosimama kama mlingoti kwenye 10,489.750.

Onyo moja: LNB inataka volti 13, kijiti hakiwezi kuitoa, na volti hizo zikirudi kwenye kijiti kinaungua. Weka katikati kifaa cha kulisha LNB umeme chenye kizuizi upande wa kijiti. Nimeshaunguza kimoja, harufu yake bado naikumbuka.

Ratiba ya vipindi inapishana saa tatu. Kwa nini?

Saa inayotangazwa kwenye mkondo ni ya UTC, sisi tuko mbele kwa saa tatu. Kompyuta ndogo isiyowekewa eneo la saa la Dar es Salaam itaonyesha taarifa ya habari ya saa mbili usiku kuwa iko saa kumi na moja jioni. Majina yenye herufi za ajabu ni kitu kingine: baiti ya kwanza ya jina husema ni alfabeti ipi, na programu ikiipuuza, Kiarabu kinageuka vumbi. Kiswahili kinapona kwa sababu herufi zake ni nyepesi, ndiyo maana kasoro hii hatuioni haraka.

Unaweza kunifungulia za kulipia?

Hapana. Na usiniulize kwa mlango wa nyuma.

Umeme ukikatika?

Hilo nalo nalijaribu, bila kutaka. Umeme ukikata katikati ya utafutaji wa chaneli, programu nzuri inaamka na orodha yake ya zamani. Mbovu inaamka haina kitu. Weka nakala ya mipangilio kwenye flashi. Radi ikianza, chomoa kebo kwenye kompyuta, usiishie kuzima swichi ya ukutani.

Kuna kibali chochote?

Kwa kupokea chaneli za bure sijawahi kuombwa. Ukitaka kurusha kupitia QO-100 ni jambo jingine: unahitaji leseni ya redio ya ridhaa kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, na jina lako la hewani litaanza na 5H.

Mama anauliza kama anaweza kuanika mahindi kwenye lile la wavu.

Nimemwambia hapana. Jumapili iliyopita nilikuta kanga juu yake. Ubora ulikuwa umeshuka nusu desibeli tu, kwa hiyo sikusema kitu.